Mgeni Asiyejua Kuwa Amehama: Utangamano wa Matoleo katika Uhamishaji wa Mashine Pepe

Makala haya yanahusu jambo ambalo, kwa kulitazama juu juu, laweza kudhaniwa halina pahala katika jarida la lugha. Twakusudia kueleza namna mashine pepe inavyohamishwa kutoka tarakilishi moja hadi nyingine ilhali ingali kazini, na hasa taabu inayozuka pale tarakilishi hizo mbili zinapoendeshwa na matoleo mawili tofauti ya programu ile ile. Sababu ya kulileta mbele ya wasomi wa lugha ni kwamba taabu yenyewe, ikichambuliwa, si ya umeme wala ya chuma. Ni taabu ya mwandishi na msomaji. Mmoja ameandika, wa pili hana budi kusoma, na katikati yao hapana mkalimani.

Mwandishi wa makala haya alifunzwa jambo hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikilinganisha matini za masimulizi niliyoyanakili kutoka kwa wazee, na kazi ya kuhesabu na kupanga maumbo ya vitenzi niliiachia programu iliyokuwa ndani ya mashine pepe katika taasisi ambayo sitaitaja. Siku ya tisa, kabla kazi haijakamilika, tarakilishi iliyoibeba mashine hiyo ikaanza kuonyesha dalili za kuharibika. Fundi alinituliza: mashine ingehamishiwa tarakilishi ya jirani bila ya kuzimwa, nami nisingehisi lolote. Alijaribu, na ile ya pili ikakataa. Ilijibu kwamba aina hiyo ya mashine haiijui. Baada ya saa mbili tarakilishi ya kwanza ilizimika, na siku tisa zikaenda nayo. Fundi hakuwa mzembe. Nilipoyauliza mambo haya kwa undani nikatambua kwamba ile tarakilishi ya pili ilifanya vyema kukataa, na kwamba kukubali kwake kungaliweza kuniletea hasara mbaya zaidi.

Mashine pepe ni tarakilishi isiyo na mwili wake. Tarakilishi ya chuma huendesha programu ambayo kazi yake ni kuigiza tarakilishi nyingine nzima: kichakataji, kumbukumbu, diski, kadi ya mtandao, hata saa. Ndani ya igizo hilo huwekwa mfumo wa uendeshaji, nao huamini kwamba umekalia chuma halisi. Wataalamu wa fani hii, katika lugha zao, humwita anayeigiziwa mgeni, na anayeigiza mwenyeji. Hapa Kiswahili hakina haja ya kubuni chochote, kwani maneno hayo mawili tunayo, na adabu zake tunazijua. Neno pepe ndilo linitialo shaka. Mkulima wa mpunga akisema pepe ana maana ya punje tupu, ganda lisilo na kiini. Na mashine tunayoizungumzia ina kiini tele, ila ganda ndilo haina. Lakini neno limekwisha kushika, nami nitalitumia.

Programu nitakayoitolea mifano ni QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Pamoja na KVM, sehemu iliyoingizwa katika Linux mwaka 2007, hutumiwa sana na vyuo na makampuni kuendeshea mashine za namna hii. Msomaji atastaajabu kusikia kwamba ubao ambao QEMU humwonyesha mgeni wa kawaida umeundwa kwa mfano wa i440FX, kifaa kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1996. Mtu aweza kununua tarakilishi mpya kabisa leo, na mgeni aliye ndani yake akaambiwa amekaa juu ya chuma cha 1996. Si uzembe. Ni ahadi ambayo imetimizwa kwa muda mrefu, nasi tutaona gharama yake.

Uhamishaji wenyewe huenda hivi. Kumbukumbu ya mgeni imegawanywa katika kurasa, aghalabu za baiti 4096 kila mmoja. Mwenyeji wa kwanza huanza kuzituma kurasa zote kwa mwenyeji wa pili kupitia mtandao, na wakati huo mgeni yuaendelea na shughuli zake, akiziandika upya baadhi ya kurasa zilizokwisha kutumwa. Kurasa hizo zilizochafuliwa hutiwa alama na kutumwa tena. Zinapotumwa, nyingine huchafuliwa, nazo hurudiwa, hadi kinachobaki kiwe kidogo kiasi cha kuweza kuvushwa katika muda mfupi uliokubaliwa. QEMU isipoelekezwa vingine huuweka muda huo kuwa milisekunde 300. Hapo mgeni husimamishwa, mabaki ya kurasa na hali ya vifaa vyake vyote hupelekwa, naye huamshwa upande wa pili. Diski kwa kawaida haisafiri, maana huwekwa katika hifadhi inayofikiwa na wenyeji wote wawili. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge na Copenhagen walieleza jinsi walivyoihamisha mashine iliyokuwa ikiendesha mchezo wa Quake 3 huku wachezaji wakiendelea kucheza, na mashine hiyo ilisimama kwa milisekunde 60 tu.

Kurasa za kumbukumbu, licha ya wingi wake, hazina matata. Ukurasa ni baiti 4096 zinazonakililiwa kama zilivyo, na hakuna anayetakiwa kuzielewa. Matata yamo katika lile fungu dogo la mwisho, yaani hali ya vifaa. Kadi ya mtandao ilikuwa imepokea nini na haijakitoa? Diski ilikuwa katikati ya amri gani? Saa ilikuwa imebakiza kiasi gani kabla ya kulia? Haya hayanakiliwi kama yalivyo. Huandikwa na programu moja katika mpangilio fulani, na programu nyingine huyasoma ikitazamia mpangilio huo huo.

Na maandishi yenyewe ni ya kubana mno. Mkondo huanza na baiti nne ambazo, zikisomwa kama herufi, huunda QEVM, kisha hufuata namba ya muundo, ambayo ni 3. Baada ya hapo huja mafungu, kila fungu na jina la kifaa chake, na ndani ya fungu huja thamani moja baada ya nyingine bila ya kitenganishi chochote. Hakuna kinachosema kwamba baiti hizi nne ni rejista ya kwanza na hii moja ni hali ya kifaa. Msomaji anatakiwa awe anajua tayari.

Wasomaji wa jarida hili wameliona jambo hili mahali pengine. Katika miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, herufi moja ya be yaweza kusimamia b na p, na aghalabu mb pia. Neno moja lililoandikwa laweza kuwa bata, au pata, au mbata. Aliyezoea lugha na mapokeo ya ushairi husoma pasi na kusita, kwa sababu maandishi yanamkumbusha tu anachokijua. Asiyezoea husoma vilevile, na huenda akasoma kwa ufasaha, lakini neno jingine. Hatari ya mkondo wa QEMU ni ya aina hii ya pili. Msomaji akitazamia baiti moja zaidi ya ile aliyoandikiwa, hasimami. Huimeza baiti ya kwanza ya fungu linalofuata, na kuanzia hapo kila thamani huangukia mahali pasipo pake. Kwa bahati njema upotofu wa namna hiyo mara nyingi hugongana upesi na jina lisilojulikana, na usomaji hukatizwa. Kwa bahati mbaya si kila mara. Ndiyo sababu tangu toleo la 2.4, la mwaka 2015, kila fungu hufungwa kwa alama maalumu, ili msomaji aliyepotea ajue kwamba amepotea, na ijulikane alipotelea katika kifaa kipi.

Sasa tuchukulie kwamba waundaji wa toleo jipya wamegundua kuwa kifaa fulani kina jambo ambalo halikuwa likiandikwa. Wafanyeje? Njia ya kwanza, na ya kale, ni kukipa kila kifaa namba ya toleo. Jambo jipya huongezwa mwishoni, na namba hupandishwa kutoka 1 hadi 2. Programu mpya ikipokea fungu lenye namba 1 hujua kuwa nyongeza haimo, huijazia thamani ya kawaida na kuendelea. Programu ya zamani ikipokea namba 2 hukataa. Njia hii ni safi, lakini ni kali kupita kiasi, kwani inakataa hata pale ambapo nyongeza haikuwa na maana yoyote kwa mgeni anayehusika.

Ifahamike kwamba neno nyuma hapa lataka tahadhari. Programu mpya ikiusoma mkondo wa zamani, twasema inatangamana na matoleo ya nyuma, ilhali mgeni mwenyewe yuasafiri kwenda mbele. Mgeni akitoka kwa mwenyeji mpya kwenda kwa wa zamani ndipo anaporudi nyuma, na hapo ni programu ya zamani, iliyokwisha kufungwa na waundaji wake, ndiyo itakiwayo kusoma maandishi ya wakati ulioifuata. Safari hii ya pili si anasa. Taasisi yenye tarakilishi ishirini haizipandishi toleo zote usiku mmoja. Huanza na moja, kisha ya pili, na kwa muda wa majuma kadhaa mapya na ya zamani hukaa pamoja. Ikiwa toleo jipya litaonekana kuwa na kasoro, wageni waliokwisha kuhamia huko watataka kurudi, na wakizuiliwa watakuwa wamefungiwa katika nyumba inayovuja.

Njia ya pili ndiyo iliyonivutia mimi kama mwanaisimu. Nyongeza haiwekwi mwishoni mwa fungu bali katika kifungu kidogo chenye jina lake, na kifungu hicho huambatana na sharti: kiandikwe tu endapo kinahitajika. Mfano maarufu ni ule wa diski. Kuna kifungu kiitwacho ide_drive/pio_state, ambacho hubeba habari za diski iliyokatizwa katikati ya kupitisha data kwa njia fulani ya kizamani. Diski ikiwa imetulia, kama ilivyo mara nyingi, kifungu hakitumwi kabisa, na programu ya zamani isiyokijua huusoma mkondo bila ya kukwaruzika. Diski ikiwa katikati ya kazi hiyo, kifungu hutumwa, na programu isiyokijua hukataa. Katika hali hiyo kukataa ndiko kunakotakiwa, kwa kuwa kama ingelikubali na kukiruka, mgeni angeliamka upande wa pili akiwa na diski iliyosahau neno katikati ya sentensi. Data ingeharibika kimyakimya, na mwenye data angekuja kutambua baada ya miezi.

Tazama basi kinachotendeka. Kutokuwepo kwa kifungu si ukosefu wa habari, ni habari. Sisi tunazo alama za namna hii tele. Nikimwambia mtu "soma", hakuna kiambishi chochote kinachotaja idadi, lakini msikilizaji ajua kuwa anaambiwa peke yake, kwa kuwa wangalikuwa wengi ningalisema "someni". Umbo tupu lina maana kwa sababu ya umbo lenye alama ambalo halikutumiwa. Ila maana hiyo hutegemea jambo moja: msemaji na msikilizaji wawe na sarufi moja ya kimya. Ikiwa kwa mmoja kimya chamaanisha umoja na kwa mwingine chamaanisha wingi, neno litafika salama na ujumbe utapotea.

Na hivyo ndivyo inavyotokea pindi waundaji wanapobadili thamani ya kawaida ya kifaa. Tuseme katika toleo la zamani kifaa fulani, kisipoagizwa vingine, huwa na foleni moja ya kupokelea data, na katika toleo jipya huwa na foleni mbili. Hakuna aliyeandika idadi hiyo popote, maana ni ya kawaida. Mgeni akihama, mwenyeji mpya humtengenezea kifaa chenye foleni mbili ilhali yeye aliamka na moja. Hakuna mstari wa mkondo uliokosewa. Kilichokosewa ni kile ambacho hakikuandikwa.

Dawa ya jambo hili katika QEMU ni jina. Kila toleo hutoa aina zake za mashine, na kila aina hupewa jina lenye namba, kama pc-i440fx-2.3. Jina hilo ni mkataba: ni orodha nzima ya thamani za kawaida kama zilivyokuwa siku lilipotolewa. Toleo jipya likibadili thamani yoyote, waundaji huandika katika jedwali maalumu kwamba kwa aina zote za nyuma thamani ibaki kama ilivyokuwa. Kwa hiyo mwenyeji mpya anayempokea mgeni wa pc-i440fx-2.3 huyaweka kando mazoea yake na kujifanya wa zamani kwa kila linaloonekana na mgeni. Mzigo wote umewekwa juu ya programu mpya, nami naona ni sawa, kwa sababu ya zamani haiwezi kufundishwa tena.

Kuna jina jingine fupi, pc tupu, ambalo humaanisha aina iliyo mpya kuliko zote katika toleo linalotumika. Ni jina la kurahisisha kazi, na ndilo lililonipata. Mashine yangu ilikuwa imeundwa kwenye tarakilishi iliyokwisha kupandishwa toleo, kwa jina hilo fupi, likageuzwa kuwa aina mpya ya siku hiyo. Jirani wa zamani hakuwa amepata kulisikia jina hilo. Laiti angekubali kwa kukisia, angempa mgeni vifaa vinavyofanana na vyake kwa kiasi cha kutosha kuendelea na kwa kiasi kisichotosha kuwa sahihi, nami huenda ningalichapisha hesabu za vitenzi zilizopotoka.

Nguvu ya jina ilijaribiwa vikali mwaka 2014. Kampuni ya Intel ilitangaza kwamba vichakataji vyake vya Haswell vilikuwa na kasoro katika seti ya amri iitwayo TSX, ikatoa sasisho la kuizima. Ghafla pakawa na vichakataji vya aina mbili duniani vyenye jina moja: Haswell yenye TSX, na Haswell isiyo nayo. Katika QEMU jina Haswell lilikuwa limekwisha kumaanisha kitu kimoja, yaani orodha ya uwezo ambao mgeni huupekua anapoamka na kuutegemea hadi azimwe. Mgeni aliyeamka akaona TSX ipo, kisha akahamishiwa kwa mwenyeji asiye nayo, ataitumia amri hiyo siku moja na programu yake itakufa papo hapo.

Waundaji walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kubadili maana ya Haswell kuanzia toleo jipya, na kuiacha maana ya zamani kwa aina za mashine za nyuma. Wazo hili lilishikwa kwa muda, kisha likaachwa kabla ya toleo la 2.3 kutoka mwaka 2015, kwani lingelifanya jina moja liwe na maana mbili kutegemea neno jingine lililo kando yake. Waliamua Haswell ibaki na maana yake ya awali, na kichakataji kisicho na TSX kipewe jina lake, Haswell-noTSX. Jina hilo halipendezi. Lakini sisi ambao tumehudhuria vikao vya istilahi, tukaona neno moja likipewa maana ya pili kwa kuwa kubuni jipya kulionekana taabu, tuna haki ya kuwaonea wivu kidogo.

Ahadi ya namna hii haiwezi kutunzwa milele. Kila aina ya mashine inayobakizwa ni lahaja moja zaidi ambayo programu mpya yapaswa kuisema bila lafudhi, na kila kosa lililokuwa ndani ya kifaa cha zamani halina budi kuigizwa pia, kwa kuwa mgeni amelizoea. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 9.1 la mwaka 2024, waundaji wa QEMU walijiwekea kanuni kwamba aina yenye namba itangazwe kuwa imechakaa baada ya miaka 3, na iondolewe baada ya miaka 6. Mgeni ambaye aina yake imeondolewa hapokelewi tena na toleo jipya. Ni lazima azimwe, apewe jina jingine, kisha aamshwe upya akague vifaa vyake kama aliyehamia nyumba ngeni. Wauzaji wa mifumo ya Linux kwa makampuni, kama vile Red Hat, huwa na aina zao wenyewe kando ya hizi, na hujitwika ahadi zao wenyewe, zikiwemo baadhi ya zile za kurudi nyuma ambazo mradi wenyewe hauzitolei dhamana.

Hesabu yangu ya vitenzi niliianza tena. Safari hii nilimwomba fundi aiandikie mashine aina yenye namba, tena ile ya zamani zaidi ambayo tarakilishi zote mbili ziliijua. Alinitazama kwa mshangao kidogo, mwalimu wa lugha akimtajia mambo hayo, lakini aliandika. Katika siku ya sita mashine ilihamishwa mara mbili, kwenda na kurudi, kwa kuwa chumba kilikuwa kikitengenezwa umeme. Nilijua tu kwa sababu fundi alinipigia simu jioni kuniambia.